Kiraka cha Saruji kwenye Jabali

Marehemu mume wangu alikuwa kibarua wa barabara, na ndiye aliyenifundisha kulipima jabali lililo juu ya nyumba zetu. Unapaka kiraka cha saruji juu ya ufa. Kikipasuka, ujue jabali limesogea. Miaka kumi na tisa sasa, kila mvua ikikatika, napanda na magoti yangu haya mabovu kwenda kukitazama.

Mara mbili nimewahamisha majirani, na mara mbili jabali halikuanguka. Tangu hapo wananiita Bibi Ufa.

Jumanne nilikikuta kimepasuka katikati, kidole kinaingia. Nikateremka moja kwa moja kwa wifi yangu, mshonaji, ambaye ukuta wa chumba chake umegusana na mlima.

"Wifi, toka. Limesogea."

"Tena?" Hakuinua hata uso. "Hilo jabali lina miguu machoni pako tu. Niache nimalize sare za watu."

Nikainama, nikaibeba cherehani yake ya mkono, sare ikiwa bado chini ya sindano, nikatoka nayo.

"We mwanamke, una wazimu? Rudisha cherehani yangu!"

Akanifuata pekupeku, akinitukana njia nzima mpaka shuleni, tulikopewa darasa la kulala.

Leo ni siku ya tano. Jabali bado liko palepale, na wifi hasemi nami. Asiseme. Nikiwa hapa mlangoni mwa darasa naisikia cherehani yake, inanitosha. Kesho napanda tena.