Mistari Mitatu Nyuma ya Jikoni

Tatizo letu kila mtu alilijua. Lilikuwa juu ya nyumba ya mama yangu, linang'aa.

Baba alikuwa na wake wawili, na mama alikuwa wa pili. Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, baba alinunua mabati akaezeka nyumba ya mama kabla ya nyumba ya mke mkubwa. Sijui alikuwa anafikiria nini. Mama mkubwa hakugombana na mtu. Alifunga nguo zake, akaenda Uriri kwa binti yake aliyeolewa huko, akasema atarudi siku nyumba yake itakapoezekwa.

Kwetu, karibu na Kosele, mke mkubwa ndiye hupanda kwanza. Asipotia mbegu yeye, hakuna mwingine anayetia, na anayethubutu huleta chira nyumbani, ule ugonjwa wa kumkondesha mtu mpaka akaisha. Na miaka ile watu walikuwa wanakonda na kufa kila upande. Tulikuwa tunazika karibu kila Jumamosi. Nani angefanya mchezo?

Mvua ikaanza. Baba akaita wazee, wakanywa chai, wakazungumza, wakaenda zao. Wiki iliyofuata wakarudi, wakanywa chai tena. Mmoja alisema mama mkubwa apelekewe mbuzi. Mwingine akasema apelekewe mbegu, azishike tu, kisha zirudishwe. Maneno yote yalizunguka mabati yale bila kuyagusa. Mama ndiye aliyeyataja, amesimama mlangoni na birika mkononi.

"Yashusheni. Nimelala chini ya nyasi miaka yote, sitakufa leo."

Baba akamwambia alete sukari.

Nilikuwa na hasira. Mahindi ya majirani yalishafika magotini, na shamba letu limelimwa, jeusi, tupu. Nilikuwa darasa la nane, wa kwanza katika kilimo, na mwalimu alikuwa ametuandikia ubaoni kwamba mbegu haingoji. Niliwaona watu wazima wote wa pale nyumbani kuwa wajinga. Nasema ukweli. Nilidhani kilichokosekana ni mtu wa kuanza tu.

Basi nikaanza. Jumamosi moja, wote wakiwa mazishini, nilichota mbegu kwenye debe la mama, nikapanda mistari mitatu nyuma ya jikoni, mahali ambapo baba hafiki. Mahindi yakaota vizuri, yote. Kila asubuhi nilikwenda kuyatazama, nikijisifu kimoyomoyo.

Ambacho sikukijua ni kwamba mama alikuwa amekwenda Uriri. Alituaga kwamba anamtembelea mgonjwa, kumbe alikwenda kumpigia magoti mke mwenzake. Mama mkubwa akakubali. Angekuja siku ya soko, apande shimo moja, arudi zake, na mambo ya mabati yangoje.

Akaja kweli. Alishuka Kosele na jembe lake, na mwanamke wa jirani yetu, aliyekuwa anauza nyanya, akamsalimu kwa furaha.

"Kumbe nyinyi mlishapanda? Nimeyaona mahindi nyuma ya jikoni."

Mama mkubwa aligeuka pale pale. Alivuka barabara, akasimama na jembe lake kungoja gari la kurudi Uriri. Jirani mwenyewe ndiye aliyetusimulia jioni ile, hajui bado alichofanya.

Mvua ikakatika. Shamba likaota magugu. Hapo ndipo baba alipoyashusha mabati, wakati hayakuwa na kazi tena, akayaegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya mama mkubwa. Yalishika kutu pale pale. Mama mkubwa hakurudi.

Mahindi yangu yalizaa. Nilivuna ya kujaza sufuria moja, nikayachemsha, nikamwekea mama mbele. Hakuyagusa. Nikamwambia nilitaka tupate chakula, kwamba lazima mtu mmoja angeanza. Nilitamani anifokee. Alinitazama tu, amechoka.

"Ulidhani ni wewe peke yako uliyefikiria kupanda?" akaniuliza. "Sisi wote tulifikiria. Kila asubuhi."

Akatoka na kikapu kwenda kuomba unga kwa jirani. Mimi nikabaki na sufuria, nikayala yote peke yangu, kwa sababu nilikuwa na njaa.