Historia ya Marehemu, kwa Mwandiko Wangu

Watu huniuliza nani alinifundisha kuandika. Wanatarajia nimtaje mwalimu fulani wa shule ya masista. Mimi hujibu: baba, siku tuliyomzika mama. Wanacheka kidogo, kisha wananiacha.

Kwetu Kalemie hazikwi mtu bila historia yake kusomwa mbele ya watu: alizaliwa wapi, aliolewa na nani, aliugua vipi, nani alimhangaikia. Ndugu wa kiume wa marehemu husikiliza kuliko wote, maana hapo ndipo wanapopima kama dada yao alitunzwa au aliachwa afe. Wasiporidhika, shemeji yao atakiona. Kwa hiyo asubuhi ile baba, aliyekuwa karani bandarini, alinikalisha jikoni na karatasi ya ofisi yenye nembo ya mwenge, kwani nchi ilikuwa bado Zaire na hata karatasi ilikuwa ya chama. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na mwandiko mzuri. Yeye alikuwa ameshachana karatasi mbili.

“Andika,” akaniambia. “Homa ilimukamata siku ya Kwanza. Siku ileile bwana wake akamupeleka ku hospitali.”

Kalamu ilisimama. Siku hiyo ya Kwanza, yaani Jumatatu, baba alimpeleka mama kwa mganga wake kule mlimani, akamwacha huko siku tatu achanjwe tumbo kwa wembe na kupakwa dawa, huku mama analia anataka daktari. Hospitali aliiona siku ya nne, akiwa hajui tena jina langu. Ninayajua hayo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea uji.

“Papa, lakini…”

“Unataka wajomba wako waniue? Andika!”

Nikaandika. Na hapa ndipo ninapojichukia: sikuandika alichosema tu. Niliongeza. Niliandika kwamba baba alimbeba mgongoni kwenye mvua, kwamba mama alimshika mkono akamshukuru. Maneno yalikuja yenyewe, matamu, nami nikayaonea fahari, wakati chumba cha pili wanawake wa kwao walikuwa wanamwosha.

Saa nane niliisoma uani, kwa sauti ya kusikika. Wajomba, walioteremka kutoka Kirungu na nyuso za vita, walilia. Mkubwa wao alimkumbatia baba. “Mutoto huyu anajua kuandika,” akasema. Nilifurahi. Nasema wazi: kwenye kilio cha mama yangu, nilifurahi kusifiwa.

Mama yake mama, tuliyemwita Kambo, yaani bibi, aliiomba ile karatasi. Hakujua kusoma. Kila Jumapili baada ya misa nilikwenda kwake Kataki, ufukweni, nikamkuta anageuza ndagala zake, dagaa wa ziwani, kwenye mchanga zikauke. Alikuwa anaifungua karatasi kutoka kwenye pindo la kitenge na kunipa.

“Nisomee.”

Nilisoma. Nikifika penye neno hospitali alikuwa ananizuia. “Rudilia pale pa mvua.” Nilirudia. Niliamini ninamfariji, maskini mimi. Nilianza hata kusoma kwa madaha, nikipunguza sauti pale mama anaposhukuru. Ilikuwa hivyo miaka miwili.

Jumapili ya mwisho nilikwenda kumuaga, maana nilikuwa nimepata nafasi ya shule Kongolo. Kambo alinisikiliza nikisoma mpaka mwisho, kisha akanirudishia karatasi.

“Beba. Mimi nimeshiba,” akasema. “Mama yako, ni mimi nilimuosha. Niliona tumbo yake. Nilihesabu chale zote.”

Nilitaka ardhi inimeze.

“Sikuambia wajomba wako kitu. Wangemuvunja baba yenu, na ninyi mungekula nini? Ule uwongo wa hospitali ulikuwa wa baba yako, na alikuwa na woga. Lakini ile mvua, mujukuu wangu. Ule mugongo. Ile kushukuru. Nani alikulazimisha?”

Swali hilo nimelibeba katika vitabu vyote nilivyoandika. Nikisoma kwa sauti ukurasa wangu na kukuta mahali patamu, namsikia akisema rudilia pale, nami nafuta.

Kambo aliinama akaendelea na ndagala zake. Hakuniomba tena kumsomea kitu. Alipokufa mimi ndiye niliyekuwa msomi wa ukoo, nikaja toka Kongolo na kalamu yangu, lakini mdogo wake mama alinizuia mlangoni. Kambo alikuwa ameagiza historia yake iandikwe na mtu mwingine.