Wifi Yangu na Mfupa Uliokohoa

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alifinyanga vyungu miaka ishirini kabla hospitali haijamchukua kuangalia tanuri la maabara. Tanuri lenyewe halina kuni wala moshi. Ni la umeme, dogo kama kabati la vyombo. Na siku hizi hachomi vyungu, anachoma mifupa.

Msishtuke. Mtu akipata saratani ya mfupa, daktari hukata sehemu iliyoshikwa, na pale palipobaki wazi huweka kipande cha kauri. Wifi huchovya sifongo kwenye uji mweupe wa unga wa madini kama yale ya mfupa, anaikausha, kisha anaichoma. Sifongo inateketea, kauri inabaki na vitundu vyake. Mfupa wa mgonjwa huota humo taratibu, mpaka kauri yenyewe inakwisha. Aliponieleza mara ya kwanza nilisema, "Mungu ni mkubwa!"

"Mkubwa kweli, wifi," akanijibu, "lakini tanuri usilifungue mapema."

Hilo alijifunza kwa kosa. Mfinyanzi kazoea kutoa chungu kingali moto. Wiki yake ya kwanza alifungua kabla tanuri halijapoa, kipande kikapasuka mbele ya macho yake. Tangu hapo huweka kiti chake mbele ya mlango wa tanuri, anakaa akifuma sweta, na hata mkuu wa maabara hampishi.

Mwaka jana ilikuja kazi ya fundi cherehani mmoja, mama wa watoto watatu. Saratani ilikuwa chini ya goti, mguu ule ule wa kukanyagia cherehani. Daktari hakumficha: kipande kikishika, mguu unabaki, kikivunjika ndani, unakatwa.

Kipande kikatoka cheupe, kizuri. Upasuaji ulikuwa kesho yake. Wifi akakigonga kwa ukucha kama alivyokuwa akigonga vyungu vyake kujua kizima na chenye ufa, akatega sikio. Akagonga tena.

"Hiki kinakohoa."

Mkuu wa maabara akacheka. "Mama Tanuri, umeanza uganga?"

"Cheka tu, mwanangu. Ungekuwa mguu wa mama yako ungecheka?"

"Mbona hakina hata mkwaruzo?"

"Nje hakina. Kipige picha ndani."

Picha ikaonyesha ufa mwembamba kama unywele. Mkuu wa maabara akawa kama aliyemwagiwa maji.

Upasuaji ukasogezwa siku nne. Wifi alikwenda wodini kumwambia mgonjwa mwenyewe, ingawa haikuwa kazi yake.

"Una roho gani wewe?" fundi cherehani akamfokea. "Nimeshaagana na wanangu!"

 Wifi alimshika mkono, akamwombea kwa sauti ya chini, akarudi kukoroga uji mwingine. Safari hii kipande kililia kama kengele.

Juzi, miezi kumi imepita, fundi cherehani kaja maabara kwa miguu yake, mkongojo kaubana kwapani kama mwavuli. Akauweka mguu juu ya kile kiti.

"Haya, Mama Tanuri, gonga tusikie."

Wifi akagonga kwa ukucha, akatega sikio, akacheka mpaka machozi.

"Sisikii kitu, mdogo wangu. Mfupa huu umeshakuwa wako."