Mkwe Aliyerudi Kazini Ananukia

Mnaniuliza, wajukuu zangu, baba yenu alikuwa mtu wa namna gani, sasa tumeshamzika na wageni wametawanyika. Wote waliosimama kusema walisema alikuwa mtu wa familia. Wao walimpenda tu. Mimi ndiye niliyemchunguza.

Alikuwa fundi makochi, na mtaa mzima ulimwita Baba Sponji. Aliwahi kutengeneza kochi laini mno, hata mteja mwenyewe alipolikalia siku ya kwanza alizama, wakamtafuta mpaka jioni, wakamvuta kwa miguu. Msicheke, nilikuwepo.

Lakini si makochi yaliyonitia shaka. Ni wema wake. Mwanamume hajavua viatu, ameshampokea mama yenu ndoo. Anapiga pasi sare zenu. Wewe mkubwa alikusuka nywele kwa vidole vile vya kukazia mikanda ya viti, ukawa unalala macho wazi kama samaki. Majirani wakasifu. Mimi nikajiuliza: mwanamume anayejua kusuka, alijifunzia kichwa cha nani?

Halafu akapiga marufuku. Zamani mama yenu alikuwa akimpelekea chakula cha mchana karakana, na nyie mnafuata nyuma. Ghafla akasema asiende mtu tena. Kisa? "Kuna misumari." Kwani misumari ilizaliwa jana?

Siku moja mama yenu akanijia, macho mekundu.

"Mama, mwenzangu anarudi kazini ananukia."

"Jasho?"

"Afadhali lingekuwa jasho! Sabuni. Ya maua. Na sisi pale nyumbani tunatumia ya mche."

Akafungua kiganja. Kisabuni kidogo cha duara, kimevikwa karatasi, amekitoa mfukoni mwa suruali ya baba yenu. Mimi shule sikwenda, lakini kile kisabuni nilikisoma chote: cha gesti.

"Nimeshafunga mizigo," akasema. "Nenda ukaangalie, mama. Ukiniambia kuna mwanamke, mimi na watoto tunahamia kwako."

"Kwa nini usimuulize mwenyewe?"

"Nimemuuliza. Anasema kazini kuna bomba. Muulize wewe."

"Mimi? Mkwe wangu nimuulize habari za kuoga? Unataka mbingu idondoke?"

Basi nikajitanda, nikaenda karakana kabla hawajafunga. Mlangoni alikaa fundi cherehani, mama mmoja mwenye mdomo, anashona foronya za viti.

"Shikamoo, bibi. Unatafuta kochi au unatafuta mtu?"

"Marahaba. Natafuta mto wa kiti."

"Wa kukalia au wa kusingizia?"

"Fundi yuko wapi?"

"Yuko nyuma. Saa hizi haguswi."

Haguswi! Machale yakanicheza. Nikajifanya naondoka, nikazunguka uani. Palikuwa na ua wa mabati, mrefu kunipita. Nikaburuta fremu ya kochi bovu, nikapanda, nikachungulia.

Nikamwona mkwe wangu na taulo kiunoni, povu kichwani, anajisugua masikio na tundu za pua kama anayekwangua sufuria iliyoungua. Nguo za kazi ziko kwenye msumari, safi ziko ndani ya mfuko. Nikamtafuta mwanamke kwa macho. Hayupo. Nikamtafuta hata ndani ya ndoo.

Hapo fremu ikavunjika. Nilianguka kishindo, nasikia kuku wa mtaa wa pili wakaacha kutaga.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mama yako."

Nikasikia anachutama nyuma ya pipa. Mimi nikageuzia uso ukuta wa jirani. Tukaongea hivyohivyo, kila mtu na aibu yake.

"Mama, kuna msiba?"

"Msiba ni wewe! Unamwogea nani?"

"Mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wetu, mama. Yule mdogo mwenye kifua."

Wewe hapo. Enzi hizo kifua chako kilipiga filimbi mpaka mbwa wa jirani anaitikia. Kilikuwa kimeanza kutulia, na mimi sifa zote nilishaupa mvuke wangu wa majani. Kumbe baba yako alikupeleka kliniki peke yake, daktari akamwambia kinachokuziba pumzi ni vumbi la sufi na vitambaa, analolileta yeye nyumbani kichwani na kwenye nguo. Tangu hapo akawa analiacha lote karakana, na nyie akawazuia kwenda.

"Na sabuni ya gesti?"

"Nimewatengenezea viti, wakanipa katoni nzima."

"Mbona mkeo humwambii?"

"Akijua kazi yangu ndiyo inayomkaba mtoto, ataniambia niache. Nikiacha, mama, mikono hii haijui kitu kingine. Watakula nini? Nakuomba, usimwambie."

Nikaitikia. Lakini nilipofika kwenu, mama yenu alikuwa amekaa juu ya mizigo, mlangoni, kilemba kimefungwa cha safari. Ningenyamazaje? Nikamweleza yote, neno kwa neno.

Akanitazama. "Mama, leo tu usinitungie hadithi."

"Haki ya Mungu!"

"Ndivyo ulivyoapa kuhusu yule bwana aliyezama kwenye kochi."

Nilichoka! Siku moja nasema kweli tupu, nakosa mnunuzi. "Haya, nenda mwenyewe," nikamwambia. "Ila usipande fremu."

Kesho yake akaenda. Aliporudi akavua kilemba. Akafungua mizigo, akarudisha sufuria jikoni moja moja, taratibu. Baba yenu alipoingia akamwambia, "Kazi usiache. Ila hayo maji ya baridi utapata homa." Kuanzia hapo kila jioni alikwenda karakana na birika la maji ya moto, akamshikia khanga iwe pazia, mpaka huyu mdogo akaota ndevu.

Mimi sikulegea. Baba yenu alinisalimia akiwa nyuma ya mlango mwaka mzima, na mimi nikawa naitikia huku nanusa. Hata juzi makaburini niliwapitia wanawake mmoja mmoja, nione nani analia kupita kiasi. Nikampata mmoja tu. Alikuwa mama yenu.