Shangazi Mkasi Anajifunza Kushika Kijiko

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mkasi. Si kwa ajili ya kazi tu, hata mdomo wake unakata! Moyo wake ulisimama akiwa anamsuta mteja. Naapa! "Mwili umenenepa, wewe unasingizia kitambaa," kamaliza tu kusema hivyo, chini, puu! Fundi viatu wa mlango wa pili akamrukia, akambonyeza kifua bila kupumzika mpaka gari likapatikana.

Hospitali ya karibu ndiyo iliyomrudisha. Walimshtua kwa mashine, moyo ukashika kazi, hilo siwanyimi. Ila wodi ilikuwa imefurika, nesi mmoja anahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Shangazi akazinduka na kuomba maji, na baada ya siku kadhaa wakasema mpelekeni nyumbani, vidonge hivi, apumzike. Vigelegele! Tukajua yamekwisha.

Basi tukampumzisha kwelikweli. Mama anamlisha, mimi namvisha mpaka soksi, baba kapiga marufuku asinyanyue hata kikombe. Kwetu mgonjwa hashiki kitu, akishika watu watasema hamumpendi. Vidole vyake vilitoka hospitali vizito, vikazidi. Siku moja nikampa mkasi wake, akaugeuzageuza kama kapewa samaki mzima mzima.

"Hiki cha nini?"

Baba akatoka nje. Mimi nikabaki najiuliza, kama hashoni tena, huyu tuliyemrudisha ni nani?

Tukampeleka hospitali ya mbali, yenye kitengo cha moyo. Daktari, dada mmoja hivi, akauliza, "Tangu azinduke, nani amempima kumbukumbu na mikono?" Hakuna, tukasema. Kumbe moyo ukisimama, ubongo nao unakosa hewa, kwa hiyo mtu anaweza kuamka huku mambo mengine kichwani bado yamelala. Kule hospitali ya kwanza hawana mtu wa kazi hiyo. Huku wapo, na wanaanza na mgonjwa angali kitandani. Moyo ni uleule, hospitali mbili, lakini kupona kwake kunatofautiana hivyo!

Wakamlaza. Kesho yake kaka wa mazoezi ya viungo akamkuta mama na bakuli la supu.

"Mama, weka chini hicho kijiko."

"Mwanangu, huyu wifi yangu! Nisimlishe?"

"Mlishe, kama unataka abaki hivi."

Mama alinuna, weee! Shangazi akapewa kijiko mwenyewe. Akamwaga kifuani. Akashika tena, akamwaga. Mama machozi yanamtoka.

"Wifi," shangazi akasema polepole, "unalilia supu au unanililia mimi?"

Tulicheka mpaka nesi akatufukuza. Mdomo ulikuwa umetangulia kupona!

Vidole vikafuata kwa kuvutwavutwa: kufunga vifungo, kupandisha zipu, kukunja matambara. Baba alikuwa anakaa pembeni kakumbatia mikono yake asije akamsaidia. Hata tuliporuhusiwa kurudi nyumbani tuliambiwa hivyohivyo, mpendeni kwa macho.

Sasa asubuhi anakaa kwenye cherehani. Mapazia anaweza, ni mstari tu. Majina ya wateja yanampotea, anawaita wote "mwanangu," na wanafurahi. Jana kanishonea sketi, upande mmoja umeshuka kuliko mwenzake.

"Imependeza, shangazi!"

"Muongo mkubwa. Vua."

Akaifumua yote, uzi unamponyoka vidoleni, akaanza upya. Nilikaa na taulo kiunoni mpaka jioni, na wala sikumsaidia hata kutunga uzi.