Mtu Aliyeinuliwa na Nasri

Kanga mpya ina harufu yake: wanga, rangi, na kwa mbali kitu kama mafuta ya taa. Mpaka leo nikipita penye duka la vitambaa harufu hiyo ikanifikia, huharakisha hatua, kwa sababu ndiyo harufu ya sebule yetu ya Bagamoyo katika kipupwe kile tulichojifanya wajuzi wa mpira wa Kimarekani. Baba aliuza vitambaa chini, sisi tuliishi juu, na marobota yaliyokosa nafasi dukani yalipandishwa sebuleni yakawa viti vya wageni. Juu yake walikaa wazee wa mtaa, vikombe vya kahawa mikononi, wakitazama kwenye televisheni wanaume waliovaa makofia magumu wakigongana vifua. Nilikuwa darasa la sita, na kazi yangu ilikuwa kushika rimoti.

Mmoja wa wanaume wale alikuwa kaka yangu Nasri. Aliondoka kwenda kwa shangazi Marekani wakati mimi bado sijaanza shule, kijana wa miguu myembamba, na huko akanenepa, akapanuka mabega, akaingizwa kwenye mchezo ambao hapa kwetu hakuna aliyewahi kuuona. Aliucheza shuleni, akaucheza chuoni, hatimaye timu ya kulipwa ikamwita kumjaribu. Baba alitueleza utaratibu wao kama alivyoelezwa. Kabla ya msimu kuanza huchezwa mechi za matayarisho, vijana wengi huingizwa kwa zamu, kila mmoja hupimwa, na asiyeridhisha hurudishwa kwao. Basi Nasri alikuwa anapimwa. Kila baada ya swala ya Ijumaa Baba alimwombea dua, na Mama akaweka nadhiri ambazo hakumwambia mtu.

Mechi za mwanzo tulizitazama kwa macho ya kandanda, tukiufuata mpira, na Nasri hatukumwona hata kidogo. Baba alikasirika akidhani mwanawe hachezeshwi. Nasri akamfahamisha kwenye simu, taratibu, kwamba yeye hatoushika mpira maisha yake yote. Kuna mmoja anayekimbia nao, na kuna wengine wanaotangulia mbele yake kuwasukuma wapinzani ili apate njia. "Usinitafute penye mpira, Baba," alimwambia. "Tazama pale mpira utakapopita." Baba aliushika ufundi huo kwa raha ya ajabu. Haukupita muda mrefu akawa anahukumu. Anayesimama wima mapema, alisema, kifua chake kiko wazi na atarudishwa nyuma. Anayeinama mno ataanguka mwenyewe. Aliye sawa hukunja magoti, hushusha kiuno, hutia mikono ndani ya kifua cha mwenziwe, na miguu yake haiachi kutembea. Wazee nao wakajua, au wakasema wanajua. Ikafika mahali mkimbiaji akiangushwa pamoja na mpira wake, hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama, sote tumekodolea macho ubavu wa kulia, alikokuwa Nasri.

Sasa lazima niseme jambo la nyumbani kwetu. Baba hakuwa mkali, isipokuwa katika hili. Siku moja, kabla hajasafiri, Nasri alicheza mpira uchochoroni, akampiga mtoto wa jirani kikumbo akaanguka, yeye akaendelea mbio mpaka akafunga bao. Baba aliacha wateja dukani akatoka na ile rula yake ya mbao ya kupimia vitambaa. Alimrudisha Nasri, akamtaka amwinue mwenziwe, amfute mchanga, amwombe radhi, kisha akatangaza kwamba bao halipo. "Ukimwangusha mtu, mwinue kwanza," alisema. "Mpira utakungoja." Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria ya uchochoro mzima, na watoto wa kwetu walijulikana kwa hilo. Mimi nilikuwa mdogo sana wakati ule, lakini Mama alinisimulia mara nyingi hata nahisi nilikuwepo.

Mechi ya mwisho ya matayarisho ililetwa na kijana wa duka la intaneti, kwenye flashi, baada ya alasiri. Mama alikuwa ameandaa halwa. Baba alianza hukumu yake mapema. Ubavu wa kushoto wa timu ya Nasri haukumpendeza kabisa, wanasimama wima, wanapitwa, mkimbiaji anakutana na adui kabla hajatia mguu. "Hao pazia," alisema, wazee wakacheka. Lakini kulia kulikuwa na ukuta. Nasri alimsukuma mtu wake akamtoa mahali pake, njia ikafunguka, mkimbiaji akapita bila kuguswa. Akarudia tena na tena. Mzee Kombo, rafiki wa Baba, alisema huyu harudishwi, labda wamrudishe kocha.

Kisha ikaja ile. Nasri alimkumba mtu wake, akamzungusha, akamlaza chali. Kazi haikuwa imekwisha, alitakiwa aendelee mbele akamzuie mkabaji wa pili, ambaye hakuwa na wa kumzuia ila yeye. Hilo Baba alikwisha kutueleza. Lakini Nasri alisimama, akainama, akamnyooshea mkono yule aliyelala. Yule mtu aliutazama mkono ule kama asiyejua ni wa nini, kisha akaushika akainuka. Mama akapiga vigelegele. Mzee Kombo akasema huyu kijana kalelewa, wote wakaitikia. Baba alivua miwani akafuta macho bila kujificha. "Huyo ni mwanangu," alisema. "Zuwena, rudisha nyuma." Nikarudisha, nikarudisha tena, halwa ikazunguka, na kila mara tulitazama mkono ule mpaka yule mtu anainuka, kisha Baba anataka tena toka mwanzo.

Simu ya Nasri ilikuja kesho yake. Baba aliiweka sauti ya juu makusudi, kwa kuwa wazee walikuwepo. "Nimekuona ulivyomwinua," alimwambia. "Umeniheshimisha mbele za watu."

"Wamenirudisha, Baba," Nasri alisema. "Kwa ajili ya mkono huo."

Akaeleza kwa sauti kavu. Yule mkabaji wa pili alipita palepale Nasri alipopaacha wazi, akamgonga mkimbiaji kifuani kwa kasi yake yote, mpira ukamtoka, wapinzani wakauokota wakaenda kufunga. Kocha alikionyesha kipande hicho ukutani mbele ya timu nzima, akikirudisha nyuma, wenzake wakicheka. Baba alisema jambo moja tu, kwamba mtu alikuwa chini. Nasri akamjibu, "Ungenifundisha kuwaacha chini. Ungenifundisha hilo tu." Akakata simu.

Wazee walipoondoka, Baba aliniomba nirudishe mara moja zaidi. Safari hii tuliutazama mpira. Mkimbiaji aligongwa akabaki chini muda mrefu, na hakuna aliyemnyooshea mkono. Baba akaizima televisheni mwenyewe. Mama akaifunika kwa kanga mpya, na ikakaa hivyo mpaka ilipouzwa. Nao wale wazee, waliokula halwa yetu, Ijumaa ya wiki hiyohiyo walikuwa wanasema barazani kwamba ule ni mchezo wa wendawazimu na kwamba Baba alijitia makuu. Sijawasamehe. Wengi wao wamekwisha kufa na bado sijawasamehe.

Nasri hakurudi. Alipata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala huko huko, akawa anapiga simu siku za Idi, anaongea na Mama, na Baba akipewa simu mtandao unakuwa mbaya. Miaka ikapita hivyo, na sheria ya uchochoro Baba aliendelea kuisimamia, safari hii kwa wajukuu, ila kwa sauti ya chini. Mwaka jana alifariki. Nasri alifika tumekwisha kuzika.

Duka sasa limepangishwa kwa wauza makava ya simu, halinuki chochote. Nasri alikaa mlangoni kwenye kiti cha Baba, mtu mkubwa, magoti yamekufa. Alasiri moja mwanangu Idrisa alikuwa uchochoroni na wenzake wakigombea mpira, akampiga mmoja kikumbo, yule akaanguka kifudifudi. Idrisa alisimama, akaanza kuinama, kwa kuwa babu yake alikwisha kumfundisha sheria ile.

"Mwache," Nasri alimwambia kutoka kitini. "Nenda na mpira."

Mtoto alimtazama mjomba wake, akanitazama mimi niliyekuwa ngazini, kisha akaenda na mpira, akafunga. Enzi ya Baba bao lile lisingekuwepo. Nilishuka nikamwinua yule mtoto wa watu, nikamfuta mchanga usoni, nikamwomba radhi. Hakuwa ameumia. Aliniuliza tu, "Mama Idrisa, kwani Idrisa amenikasirikia?" Nikamwambia hapana. Nyuma yangu Nasri alikuwa anapiga makofi.