Mashine ya Kusoma Upesi

Watu wa Ukunda wakiniuliza ninafanya kazi gani nilikuwa nikijibu "kompyuta", na kila aliyesikia alinikabidhi simu yake iliyoingia maji nimtengenezee. Nilipochoka nikaanza kujibu kwamba ninatunga maktaba. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Mwenye nyumba wangu alitangaza mtaa mzima kwamba mpangaji wake wa chumba cha nyuma anafungua maktaba ya vitabu, wakaja wazazi kuandikisha watoto. Niliwapa maji ya baridi, nikawaaga kwa heshima.

Basi nieleze mara moja, tusisumbuane. Mashine zikitaka kupashana habari huandikiana kwa mtindo uitwao JSON: jina la kitu, kisha habari yake, vyote vimefungwa ndani ya mabano. Mashine inayopokea haina budi kuupitia msururu ule herufi kwa herufi, ijue jina limeishia wapi na habari imeanzia wapi. Ni kazi ya kuchambua mchele, hakuna la ajabu. Mimi nilikuwa ninaandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Go, msimbo wa kuuchambua mchele huo upesi kuliko wanavyouchambua wengine. Msimbo wa namna hiyo, ambao watu huuchukua wakautia katika kazi zao, ndio unaoitwa maktaba. Aliyeupa jina hilo simjui, na siku nikimjua tutaonana.

Mama yangu, anayekaa Msambweni na kushona kofia za vito, zile za matundu madogo madogo ya sindano, nilimweleza hivyohivyo.

"Kwa hiyo unaifundisha mashine kusoma," akasema.

"Ndiyo, Mama. Kusoma upesi."

"Upesi wa nini? Inakwenda wapi?"

Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akaguna, akarudi kwenye kofia yake. Kofia ya Mama mtu huisubiri hadi anakaribia kuahirisha harusi, na yeye hamkimbilii mtu.

Kazi yenyewe tulipewa na mradi mmoja wa afya. Wahudumu wa vijijini, kutoka Lunga Lunga mpaka Taru, wangetuma kwa simu hali za watu waliowatembelea, na zahanati ingeona kwenye kioo cha kompyuta nani wa kufuatwa haraka. Ujumbe mwingi, mashine yao kuukuu, kwa hiyo walitaka wepesi. Tulikuwa wawili, mimi na jamaa mmoja wa Nairobi ambaye sikupata kumwona ila kwenye simu. Kila mmoja wetu aliandika injini yake ya kusomea. Itakayoshinda kwa mbio ingebaki, na mwenyewe angebaki na mradi. Atakayeshindwa, kwaheri. Kwangu mimi kwaheri maana yake ilikuwa kurudi mapokezi ya hoteli Diani, kuwachekea watu waliovaa taulo wakiniuliza kama ngedere wamo kwenye bei ya chumba. Wallahi, bora nivue pweza kwa meno.

Na jamaa mwenyewe, Mungu amsamehe! Akipiga simu hana salamu. "Niaje. Hiyo kitu yako inakokota." Basi! Hakuulizi umeamkaje, hakuulizi wazazi, anakuvamia kama mgambo. Mimi kwetu mtu akianza hivyo tunajua ama nyumba inaungua ama yeye ndiye aliyeichoma. Lakini kichwa alikuwa nacho, siwezi kumnyima haki yake.

Ili kupima mbio ulihitajika mlima wa ujumbe unaofanana na ule wanaoandika watu wa huku. Habari za wagonjwa tulikatazwa kuzigusa, na ni haki. Mimi mlima ninao: kundi la familia kwenye simu, pamoja na ujumbe anaoniandikia Mama. Niliomba ruhusa kundini, mama mdogo akajibu kwa picha ya mawaridi, nikahesabu hiyo ni ndiyo. Nikautoa ujumbe wote, wa miaka na miaka, nikaugeuza kuwa JSON.

Mwingi ulikuwa wa Mama. Ujumbe wa Mama una mlango, una ukumbi, una ua, ndipo ufike jikoni. "Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu mpenzi, u hali gani? Sisi huku kwa uwezo wake Mola hatujambo, hali zetu ni njema kabisa, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yetu." Mbali kwenyewe ni Ukunda, hata njaa huisikii njiani. Kisha mbele huko, ukiwa ushakata tamaa, unakuta kwamba anataka umletee sukari. Nilimcheka sana Mama, lakini kwa kuipima mashine alikuwa dhahabu.

Nikapanga siku ya kushindanisha. Yangu ilikwenda vizuri, nikatabasamu. Nikawasha ya jamaa. Lo! Ilikuwa imemaliza kabla sijaegemea kiti. Nikarudia, ikawa vilevile. Nikazima feni nikidhani inakula umeme wa kompyuta, jambo ambalo hata mwenye nyumba asingelifikiria. Vilevile. Nikarusha ndara ukutani, na mwenye nyumba akauliza kutoka uani kama nimeona nyoka.

Jamaa akapiga. "Siz, kubali yaishe. Kesho asubuhi wanachagua."

"Kesho bado," nikamwambia, nikamkatia.

Mchana ule nilikaa nikausoma msimbo wake mstari kwa mstari, hasira zimenijaa tele. Lugha ya Go ina mfagiaji wake. Kila ukiomba nafasi mpya ya kuweka neno, jua kwamba baadaye mfagiaji atasimamisha shughuli azoe taka zako, na hapo ndipo mbio hupotea. Mimi nilihangaika wiki nzima nimpunguzie mfagiaji kazi. Jamaa alimfukuza kabisa. Kila habari aliitengea kisanduku kimoja kidogo, cha kipimo kilekile, kisichoongezwa. Habari ikienea humo, vyema. Ikizidi, iliyozidi inamwagwa, kimya kimya, bila hata samahani.

Nikampigia. "Na inayozidi inakwenda wapi?"

"Nani huandika hali ya mtu zaidi ya hapo? Mtu ako poa ama hako poa."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Kwao pengine ni hivyo. Huku, mtu akiulizwa habari hujibu njema. Ameibiwa, njema. Amefiwa, njema. Habari mbaya haiingii nyumbani kwa watu kabla ya salamu, ni utovu wa adabu, kwa hiyo inangoja nje mpaka salamu zimalizike, ndipo useme "ila". Na "ila" ya mtu wa Msambweni kwenye kisanduku cha jamaa haifiki. Mashine yake ingeiambia zahanati kwamba kaunti yetu nzima ya Kwale, pwani na bara yake, wazee kwa wajawazito, ni wazima kama kigongo.

Nilimshika! Nikaandika mistari michache ya kuonyesha kila kilichomwagwa na kisanduku chake kutoka kwenye ujumbe wa familia yangu, nimpelekee na kiongozi wa mradi aone. Nikakaa kitako kusoma, na kikombe changu cha chai ya tangawizi, kama mtu aliyekuja harusini kumtazama bwana harusi akikosea kiapo. Ikamwagika sukari. Likamwagika sinia la mjomba ambalo halikurudishwa. Akamwagika mbuzi wa jirani aliyekula leso. Ninacheka peke yangu. Kisha ukaja mstari mmoja wa Mama.

"Ila jicho hili la kushoto limeingia ukungu tangu mwezi wa mfungo sita, tundu la sindano silioni tena, kofia za watu nashona kwa kupapasa. Usijisumbue kuja, kazi kwanza."

Sikuwahi kuusoma. Nikachukua simu, nikautafuta, nikijiambia labda ulikuja siku ambayo mtandao haukuwapo. Upo. Na chini yake lipo jibu langu mwenyewe: dole gumba. Nikapanda juu, nikashuka chini. Kuna mwingine wa jicho, na dole gumba. Mwingine tena, na dole gumba. Hakuna mashine iliyonikatia mimi ujumbe ule. Nilifika kwenye njema nikageuka. Niliona aibu, aibu ya kweli, ikanipanda mpaka masikioni, na chai ikanishinda.

Asubuhi yake, walipoona kilichomwagwa, mradi ulichagua injini yangu, pamoja na ukokotaji wake, na jamaa walimbakiza pia kwa kuwa alikubali kosa bila maneno mengi. Siku hizi akiniandikia huanza na "habari za asubuhi", ingawa unaona kabisa inamuuma. Hayo yalikuja baadaye. Mchana ule, nikiwa bado sijui nitabaki au nitarudi kwenye mataulo, sikumtumia mtu chochote kwanza. Nilimpigia Mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Kazi hazijambo? Mashine imekwishajua kusoma?"

"Bado inajifunza. Habari za huko?"

"Njema, mwanangu. Njema kabisa, alhamdulillahi."

Hapa ndipo, siku zote, nilipokuwa nikisema haya Mama, nitakupigia. Simu ikatetemeka sikioni, jamaa ananitafuta. Nikamwacha atafute.

"Mbona kimya? Salio limekwisha?"

"Lipo, Mama."

"Sasa?"

"Nasubiri umalize."

Nilisikia akiiweka kofia chini, akivuta pumzi, akijiweka sawa kwenye mkeka.

"Ila, mwanangu," akasema.